Ripoti Isiyo na Bahasha

12 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ukiacha goti la mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na kila mgeni lazima aonyeshwe pengo kabla hajakaribishwa kiti. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama ile miwani mipya unaivaa, au umeifungia kabatini isichakae.

Naandika barua kwa sababu ulinikataza kuzungumza mambo ya kazi kwenye simu. Siku niliyokabidhiwa uhariri wa jarida ulisema, "Simu ni ya kujuliana hali. Neno la kazi liandikwe, kesho mtu asije akalikana." Basi naandika.

Bodi imeamua matoleo yote ya zamani yapigwe picha na kuwekwa kwenye kompyuta, pamoja na majalada ya wahakiki. Wiki mbili sasa nafungua makabati yako. Harufu ya gundi haijatoka. Meza yako bado iko karibu na dirisha, na lile doa la wino lenye umbo la sikio liko palepale. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakaa chini ya meza hiyo baada ya shule, nikikusikiliza ukimsomea fundi chapa prufu kwa sauti, hadi alama: "mkato, nukta, aya mpya." Ndiyo maana walikuita Mama Nukta. Fundi yule alistaafu, lakini kijana wake wa zamani wa mashine, sasa naye ana mvi, alinisimulia kwamba hata ulipomkaribisha chai ulimwambia, "Karibu, mkato, sukari iko pale, nukta."

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu mmoja wa kemia katika shule ya sekondari ametuletea makala. Kwa misimu minne amepima maji ya visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo, na anasema kwamba wakati wa mvua hatua ishirini kati ya choo na kisima hazitoshi. Uchafu unafika kisimani. Mhakiki mmoja ameikataa kwa sentensi moja: inapingana na makala inayojulikana. Makala hiyo ni ya baba.

Nikatoa jalada la baba ili nione ilivyohakikiwa. Shangazi, unaukumbuka utaratibu wako kuliko mimi: kila ripoti ya mhakiki ilibanwa pini na bahasha iliyoileta, muhuri wa posta ukionekana, ili mtu yeyote ajue kwamba ilitoka nje ya jengo letu. Ripoti ya kwanza ya baba ina bahasha. Ya pili haina.

Bahasha hiyo iko wapi?

Mwanao anayekuheshimu


9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za nyumbani. Mwambie mama yako miwani naivaa, na ndiyo iliyonionyesha kwamba barua yako ilikuwa na kurasa tatu na hakuna hata moja iliyotiwa namba. Zilianguka, nikaanza kusoma ukurasa wa mwisho. Mhariri mzima!

Mimi ni mzima. Paa la jikoni limezibwa, ingawa fundi aliliziba kwa namna ya mtu anayetarajia kuitwa tena. Jirani yangu amenunua jogoo asiyejua saa. Anawika adhuhuri kama mlevi. Nimemwambia jirani, "Ama umfunze, ama umle." Akanijibu, "Mama, huyo ni msanii." Nimemwachia.

Umenikumbusha chumba kile. Unakumbuka mkono wa mashine ya kupigia mihuri, ule uliokuwa ukining'inia? Na kamba za kufungia vifurushi vya matoleo, tulizokuwa tukizifungua moja moja na kuzikunja, kwa sababu kamba haikatwi? Baba yako alizoea kuja saa nne, viatu vimejaa tope, na kikapu cha chupa za maji mkononi. Aliziweka popote. Nina hakika nusu ya prufu za mwaka ule zilikwenda kwa fundi chapa zikiwa na duara la kitako cha chupa. Nilimwambia, "Wewe, hii ni meza ya watu wazima." Akanijibu, "Dada, na haya ni maji ya watu wazima, usiyaonje." Nilimbeba mgongoni mtu huyo, kila asubuhi tulipovuka kijito kwenda shule, kwa sababu hakutaka kulowesha viatu. Alipokua, hakuna tope alilolikwepa.

Kuhusu bahasha: miaka ishirini na minane ni mingi, na bahasha hupotea.

Msalimie mwenye pengo.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo tena. Kurasa za barua hii zina namba, juu kulia. Mama amecheka sana habari za jogoo. Anasema usimle, utakosa wa kugombana naye.

Nimehesabu majalada ya miaka yako yote kwenye jarida. Ni mia mbili na kumi na mawili. Nimetazama kila ripoti. Bahasha zimetoboka, zimefifia, moja imeliwa na mende nusu nzima, lakini zipo. Haipo moja tu.

Mwalimu wa kemia amekuja mwenyewe ofisini, kwa basi la usiku kucha. Ni mtu mfupi, shati limepigwa pasi hadi linakata, na anastaafu mwezi wa sita. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Nilimweleza kwamba mhakiki ameikataa makala yake. Akauliza, "Ameonyesha kosa katika vipimo?"

Nikasema, "Hapana."

"Ameona nimekosea hesabu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi amekataa nini?"

Kisha akauliza kama ni kweli kwamba mwandishi wa makala ya zamani ni baba yangu. Nikakubali. Akainama kidogo, akanipa pole, kana kwamba baba amefariki jana. Akasema, "Mama, mimi sina ugomvi na marehemu. Nimefundisha kwa makala yake. Ugomvi wangu ni na hatua ishirini. Maofisa wa afya wanazo kwenye kijitabu chao, mafundi wa visima wanazo kichwani. Mwaka jana tulifunga shule wiki tatu kwa kuhara. Nilikwenda nikapima kutoka chooni hadi kisimani. Hatua ishirini na mbili. Kila mtu alikuwa amefuata sheria."

Baada ya hapo niliisoma ripoti ya pili mara tatu. Ni nusu ukurasa. Inaisifu makala na haiombi hata sahihisho moja. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mhakiki asiyeona la kusahihisha hajasoma. Nakuomba unijibu waziwazi: nani aliiandika?

Mwanao


28 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nadhani barua yangu ya mwezi uliopita imefika, maana mama alipokupigia simu ulimwambia kwamba mvua zimeanza, jogoo hajambo, na una kazi bustanini. Bustani yako ina miche sita ya nyanya, na nimeihesabu mwenyewe.

Mwalimu ananiandikia kila Jumatatu. Hanisukumi, anauliza tu kama kuna habari. Nami kila Jumatatu namjibu kwamba bado.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Umesubiri sana, na hukustahili kusubirishwa. Nimeiandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa zimeandikwa vizuri sana, ndiyo maana nikazichana.

Ripoti ya pili niliiandika mimi.

Nikueleze kwa mpangilio. Mwaka ule baba yako alilazwa. Wewe uliambiwa amekwenda kazini mbali, na ulikasirika kwamba hakuaga. Daktari alinichukua kando kwenye varanda ya wodi, mahali walipokuwa wakianika mashuka, akaniambia tumtayarishe mama yako. Kwamba tuhesabu miezi, tena isiwe mingi. Makala ilikuwa kwa wahakiki. Kila nilipokwenda kumwona aliniuliza jambo hilohilo. Hakuuliza dawa wala chakula. "Dada, wamejibu?" Alikuwa amekonda hadi saa ya mkononi ilikuwa ikimzunguka kama bangili.

Wa kwanza akajibu, akasifu. Wa pili akajibu wiki mbili baadaye. Jina lake silitaji hata sasa, kwa sababu tulimwahidi siri, na ahadi haifi kwa kuwa mimi nimeharibu nyingine. Aliandika kurasa nne. Alisema kazi ni nzuri na mwandishi ni makini, lakini vipimo vyote vimechukuliwa wakati wa kiangazi. Virudiwe msimu wa mvua, ndipo umbali utajwe. Alikuwa na haki. Nilijua hivyo kabla sijafika ukurasa wa pili.

Kurudia vipimo kulihitaji mwaka mzima. Nilikaa mezani na ile barua, wenzangu wamekwenda kula, fundi chapa anapiga mluzi chumba cha pili. Ningeweza kumpa mwenzangu jalada lile tangu mwanzo na kusema, "Huyu ni ndugu yangu, mimi simo." Ndivyo nilivyowafundisha ninyi wote. Sikufanya, kwa kuwa niliamini kwamba hakuna ambaye angeisimamia kazi yake kwa ukali kama mimi. Kiburi changu kilikuwa hicho. Mtu uliyembeba mgongoni huwezi kumwona kama mwandishi. Unamwona hataki kulowesha viatu.

Niliichana ile ripoti, nikaandika nyingine ya nusu ukurasa. Ilinichukua dakika ishirini. Ndiyo maandishi pekee katika maisha yangu ambayo sikuyasoma mara ya pili.

Toleo lilipotoka nililipeleka wodini likiwa bado na joto la mashine. Alilifungua penye jina lake, akaliweka juu ya kifua, akalala. Nesi alitaka kuliondoa, nikamwambia, "Liache."

Kisha akapona. Daktari alishangaa, sisi tukashukuru, mama yako akafanya karamu, na mimi nikacheka pamoja na watu. Aliishi miaka mitano zaidi. Misimu mitano ya mvua, mwanangu. Angeweza kuvirudia vipimo vile mara tano, naye alipenda kazi hiyo kuliko kula. Nilichotakiwa ni kumwambia tu. Kila mwaka nilisema nitamwambia akipata nguvu. Alipopata nguvu nikasema nisimharibie furaha. Mwisho nikawa nabadilisha mazungumzo kila alipotaja visima. Tulikuwa tukizungumza kila kitu, mimi naye. Baada ya hapo tukawa tunazungumza habari za hali ya hewa.

Nimesoma kuhusu shule iliyofungwa. Usinieleze idadi ya watoto walioumwa. Hapana, nimekosea, nieleze.

Sasa sikiliza maagizo. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya mwenyekiti wa bodi. Usiifungue. Mpe mkononi, kisha umwambie kwamba wewe ni binti wa mwandishi na mpwa wa mhariri, na kwamba hutashiriki. Wakijadili, toka chumbani. Hata wakikuomba ubaki kwa heshima yangu, toka. Makala ya mwalimu ipewe mhariri mwingine na wahakiki wapya wasiotujua. Usinitetee popote. Ukijisikia unataka kunitetea, mpikie mtoto wako chakula.

Shangazi yako


6 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilitaka kupanda basi nije, lakini mama alisema, "Huyo ameandika. Naye aandikiwe." Basi naanza na jibu la swali lako.

Walioumwa walikuwa sitini na watatu. Wote walipona.

Mwenyekiti, ambaye ulimfundisha kushika kalamu nyekundu, alisoma barua yako amesimama, kisha akakaa. Akasema, "Mama Nukta? Haiwezekani." Akaisoma tena. Nikamwambia kama ulivyoniagiza. Aliniomba nibaki, "kwa faida ya kumbukumbu tu." Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini saa mbili na robo, mkabala na ile saa isiyotembea. Nilisikia sauti zikipanda. Mmoja alisema wazi kabisa, "Tumwaibishe mzee kwa ajili ya choo?" Sikusikia alijibiwa nini.

Walikubaliana hivi, na toleo la mwezi uliopita limeyachapa ukurasa wa kwanza: "Ripoti ya mhakiki wa pili wa makala hii iliandikwa na mhariri wa wakati huo, ambaye ni dada wa mwandishi. Ripoti halisi ilitaka vipimo virudiwe msimu wa mvua, lakini mwandishi hakupewa. Umbali wa hatua ishirini usitegemewe." Jina lako lipo chini yake. Nakala imepelekwa kwa maofisa wa afya. Makala ya mwalimu ilipelekwa kwa wahakiki wawili wapya. Wametaka masahihisho kumi na moja, naye amefurahi kama aliyepewa zawadi. Ameniambia, "Kumi na moja! Hawa wamesoma." Itatoka toleo lijalo. Alistaafu Ijumaa iliyopita.

Sasa habari ambayo sikuitarajia. Nilimsomea mama barua yako ya Aprili. Alichambua mchele wote, akaosha mikono, akaenda chumbani na kurudi na daftari la jalada gumu lililofungwa kwa kamba. Akasema, "Hili alikuwa halitaki liguswe. Nilidhani ni la madeni."

Si la madeni. Ni visima. Tarehe zote ni za msimu wa mvua, kuanzia mwaka wa pili baada ya kutoka hospitali, misimu minne. Unakumbuka Jumamosi alizokuwa akisema anakwenda kunyoosha miguu? Nilikuwa nampokea mlangoni viatu vikivuja maji, mama akimgombeza kwamba mtu aliyenusurika kufa hatembei mvuani. Alikuwa anakwenda kupima. Nimelinganisha namba zake na za mwalimu. Zinafuatana kama mapacha. Katika mwaka wa mwisho mwandiko umelegea, lakini hakuacha kisima hata kimoja.

Shangazi, baba alijua. Labda aliitambua kalamu yako katika ile nusu ukurasa, labda alijishuku mwenyewe tu. Alijua makala ina kasoro, akarudia kazi yote, na hakuichapisha, kwa sababu kuichapisha kungewafanya watu waulize ilipitaje mara ya kwanza. Alikulinda. Alikusamehe bila kukwambia. Nataka bodi ichapishe daftari lile, na niandike dibaji fupi ya kusema hivyo, ili watu wawaone ninyi wawili mlivyokuwa, si lile tangazo peke yake. Nipe ruhusa.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mpe mama yako shukrani zangu kwa kulihifadhi daftari. Mwambie pia kwamba naomba radhi, yeye kwanza kabla ya mtu mwingine, na kwamba nitakuja kumwambia mwenyewe baada ya mavuno ya jirani, nikipata wa kunishika mkono kupanda basi. Toleo limenifikia. Nimelisoma tangazo kwa sauti, pamoja na alama zake. Halina kosa.

Nilipofika pale uliposema habari za daftari nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya jikoni hadi jua likahama. Mawazoni nilimwona anavuka barabara na kikapu chake, kola imepanda shingoni, anachechemea kidogo kwa ule mguu wa kushoto. Niliona hata anavyoinama kisimani: alikuwa akishika kamba kwa meno anapofungua chupa, tabia mbaya niliyoshindwa kumwachisha. Miaka minne alifanya hivyo, umbali wa mitaa mitatu kutoka mezani kwangu, na Jumapili tulikuwa tukila pamoja na kuzungumza mawingu.

Ruhusa sikupi. Daftari si langu wala si lako kulipamba. Mpelekee mwalimu wa kemia, lote, usikunje ukurasa. Namba zikimfaa, azitumie na kumtaja aliyezipima. Zisipomfaa, akurudishie. Dibaji usiandike. Tangazo lile lilihusu maji. Ukilizungushia mapenzi ya ndugu, msomaji atafuta machozi na kusahau kisima.

Tena, kama alijua kweli akanyamaza, basi tulinyamaza wawili, na watu walikuwa wakinywa. Usiufanye unyamavu huo kuwa jambo zuri kwa sababu tu aliyenyamaza ni baba yako. Ningependa iwe kweli alijua. Ningependa kuliko kitu chochote kilichobaki mbele yangu. Ndiyo sababu sipaswi kuwa mimi ninayeamua.

Wala usiniandikie tena kwamba alinisamehe. Nimelisoma mara nyingi hilo neno katika barua yako. Karatasi imelegea mahali lilipo. Lakini nimekufundisha mhariri afanyeje mwandishi anapotaja jambo ambalo vipimo vyake havikulifikia. Daftari lina tarehe, kina, umbali na namba. Namba hizo ni sahihi. Mengine hatukuyapima.

Shangazi yako